Mchanga Usioandikwa: Miaka Mia na Ushei ya Ujenzi Kando ya Mito ya Ngara na Biharamulo

Nyumba za zamani za Wahangaza, Washubi, Wasubi na Wazinza hazikuhitaji hata karai moja la mchanga. Zilikuwa za msonge: fito zilizosimikwa kwa duara na kukunjwa juu, nyasi zilizopangwa tabaka kwa tabaka kutoka chini hadi kileleni, sakafu ya udongo uliopigwa ukashikana kisha ukasiribwa kwa samadi. Kila kitu kilitoka porini au shambani, na nyumba ilipochakaa kilirudi hukohuko. John Hanning Speke alipopita Usubi mwaka 1861, akazuiwa na mtawala Suwarora mpaka alipe hongo, alikuwa katika nchi ambayo makao ya mkubwa na kibanda cha mkulima vilijengwa kwa vitu vilevile, tofauti ikiwa ukubwa na ufundi. Wahunzi Warongo, waliokuwa wakiyeyusha chuma Uzinza na sehemu za Biharamulo, wao walikula misitu kwa ajili ya makaa ya matanuru yao. Mto waliuacha ulivyo.

Mito yenyewe ni mikubwa kwa sifa kuliko kwa upana. Ruvubu inatoka Burundi na Nyabarongo inatoka Rwanda. Zinakutana juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, na kutoka hapo Kagera inaelekea kaskazini na kisha mashariki hadi Ziwa Victoria. Hakuna mto mwingine unaoingiza maji mengi katika ziwa hilo kuliko Kagera, na bonde lake, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 60,000, limegawanywa na nchi nne. Wazungu waliliandama bonde hili wakitafuta chanzo cha Nile. Mjerumani Richard Kandt aliufuata mto mwaka 1898 hadi milima ya Rwanda, na mwaka 1937 Burkhart Waldecker akaonyesha kijichemchemi cha kusini zaidi huko Burundi, kwenye tawi linalolisha Ruvubu. Walikuwa wakiulizia maji yanatoka wapi. Historia ninayoisimulia hapa inauliza habari ya kile kinachosafiri ndani ya maji hayo.

Vilima vya Ngara ni migongo mirefu ya mawe magumu meupe, aina ya kwatsaiti, yenye mabonde yaliyochimbika katikati yake. Biharamulo ardhi hulala zaidi, na kwa sehemu kubwa chini yake kuna miamba ya matale. Jua, mvua na mizizi huvunja miamba hiyo taratibu, kwa kasi isiyoonekana katika umri wa mtu, kisha mvua za masika na za vuli huteremsha chembe. Chembe nzito hutua mapema, pale kijito kinapopinda au mteremko unapolegea. Tope jepesi huendelea mbele na kunaswa kwenye mafunjo ya mabonde makubwa. Ndiyo maana fundi anayetafuta mchanga mzuri, mkali mkononi na usio na udongo, hahangaiki na Kagera yenyewe yenye mafunjo na maji mekundu. Anapanda vijito vidogo. Na vijito vidogo hivyohivyo ndivyo kina mama na watoto wanakoteka maji, ndivyo vinavyopita kando ya migomba na mibuni, na ndivyo vinavyokatizwa na makalavati ya barabara za vijijini. Mahali mchanga unapolala ndipo maisha ya watu yalipo, na ugomvi wote wa leo una asili yake hapo.

Majengo ya kwanza yaliyodai chokaa, mawe na mchanga yalikuja na dola. Mkabaila Mjerumani von Götzen aliingia Rwanda mwaka 1894 kwa kuvuka Kagera pande za Rusumo, na mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wakajenga boma Biharamulo, lenye kuta nene na lango, ambalo bado limesimama. Juni 1916 askari wa Ubelgiji waliotokea Rwanda waliuteka mji huo mdogo, na baada ya vita Waingereza wakaurithi pamoja na wilaya nzima. Wamisionari nao walikuwa wakijenga: Wakatoliki ambao baadaye, mwaka 1960, walipata jimbo lao la Rulenge, na Waanglikana wa Murgwanza karibu na mji wa Ngara. Makanisa, shule, zahanati na nyumba za mapadri zilijengwa kwa matofali ya kuchoma. Mchanga ulitumika kwenye msingi, kwenye lipu na katikati ya tofali na tofali, ukaletwa kwa vikapu vya kichwani. Kwa kiasi kile kijito kiliweza kurudisha kilichochotwa kabla ya kiangazi kingine.

Kilichoilinda mito kwa muda mrefu hakikuwa sheria. Kilikuwa uhaba wa saruji. Kiwanda cha Wazo, Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1966. Cha Tanga kilifuata mwaka 1980 na cha Mbeya mwaka 1983. Kutoka Wazo hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya vumbi au tope. Mfuko wa saruji uliofika huku ulikuwa mali. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilipohamisha watu na kuwaweka pamoja, na elimu ya msingi kwa wote ilipodai madarasa mengi kwa haraka mwishoni mwa miaka ya 1970, shule zilijengwa kwa miti na udongo au kwa tofali mbichi. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, aliyeichukua siasa ya Ujamaa kwa moyo wake wote hata akaishi miongoni mwa wanakijiji, aliishi katika Ngara hiyo: watu wengi mahali pamoja, majembe mengi, saruji kidogo. Mchanga hufuata saruji. Penye mfuko mmoja wa saruji fundi humwaga mchanga mara tatu, mara tano, hata mara sita ya ujazo wake. Saruji isipokuwepo, mchanga wa mto hauna kazi kubwa ya kufanya.

Barabara ndiyo iliyobadilisha mambo. Daraja la Rusumo, lile la zamani la njia moja, lilifunguliwa mwaka 1972. Mwaka 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini palepale Rusumo mkataba wa kuunda shirika la kuliendeleza bonde la Kagera, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Shirika hilo liliota mambo makubwa ya umeme, reli na kilimo, likashindwa na vita pamoja na ukata, likavunjwa mwaka 2004. Lakini barabara kuu ya kutoka Isaka kupitia Nyakanazi na Lusahunga hadi Rusumo ilijengwa, na kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa kazini upande wa Ngara iliacha jina lake kwenye kambi yake ya ujenzi: Benaco.

Jina hilo dunia ililijua kwa sababu nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000, kwa hesabu ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24 wakitoka Rwanda. Chini ya daraja maji yalikuwa yakipitisha maiti za waliouawa kwenye mauaji ya kimbari, na nyingi zilifika hadi Ziwa Victoria na kuzikwa na wavuvi wa Uganda. Benaco, Lumasi, Musuhura, Lukole na kambi nyingine zilijaa, wakimbizi wakawazidi wenyeji wa wilaya. Msitu ulioizunguka Benaco uliisha kwa kuni na fito. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, na wakimbizi wa Burundi wakabaki Lukole kwa miaka mingine zaidi ya kumi.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa makusudi. Wakati ule uharibifu wa mazingira ya Ngara ulipimwa kwa miti: miti mingapi imekatwa, miche mingapi imepandwa, majiko gani yanabana kuni. Ilikuwa sahihi, maana kambi zilijengwa kwa fito na maturubai, na msitu ndio ulioumia. Ila tangu hapo, katika wilaya hizi mbili, mtu akisema mazingira watu husikia miti. Kila mwaka miche hupandwa, viongozi hupigwa picha na koleo mkononi, na hilo ni jema. Lakini kijito kilichochimbwa hadi mwamba ukaonekana hakihesabiwi popote, kwa sababu hakuna kisiki cha kuonyesha kilichokuwepo jana.

Kisha zikaja zama za madarasa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulianza mwaka 2002 na ule wa sekondari, MMES, mwaka 2004. Ada ya shule ya msingi ilifutwa, watoto wakamiminika, na kufikia mwaka 2006 kila kata nchini ilikuwa ikisukumwa iwe na sekondari yake. Serikali ilitoa fedha za bati, saruji, nondo na fundi. Kijiji kilitoa kile kinachoitwa nguvu za wananchi: kuchimba msingi, kusomba maji, kuponda kokoto, kuleta mawe na kuleta mchanga. Kila kaya ilipangiwa ndoo zake. Wanafunzi walikuja shuleni wakiwa na madumu na vifurushi vya mchanga. Ni kazi ya heshima iliyofanywa na watu maskini kwa ajili ya watoto wao, na bila hiyo shule nyingi za Ngara na Biharamulo zisingekuwepo.

Lakini ndani ya utaratibu huo kulijengeka hesabu mbaya. Katika makadirio ya jengo, saruji iliandikwa kwa mifuko na bei yake, nondo kwa ukubwa na idadi, bati kwa geji. Mchanga uliandikwa kama mchango wa wananchi. Thamani yake, ilipotajwa, ilikuwa ya jasho la kuusomba. Ya mto haikuwekwa kabisa. Hakuna safu ya kuandika umetoka kijito gani, umechimbwa kina gani, nani amekagua, shimo limefukiwa na nani. Kizazi kizima cha wenyeviti wa vijiji, watendaji wa kata, walimu wakuu na mafundi kilijifunza kwamba mchanga ni bure. Kosa hilo dogo la makaratasi ndilo ninaloliona kuwa chanzo cha uharibifu mwingi unaolaumiwa leo kwa vijana wenye mabeleshi.

Kasi iliongezeka baadaye. Tarehe 10 Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua matumizi ya shilingi trilioni 1.3 zilizopatikana kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na UVIKO-19, na ndani yake mlikuwa na madarasa 15,000 kwa nchi nzima, yaliyotakiwa kukamilika kabla shule hazijafunguliwa Januari. Darasa la mita 9 kwa 7, likijengwa kwa tofali za saruji, ukijumlisha zege la msingi, tofali, jamvi, lipu na udongo wa kujengea, humeza mchanga usiopungua mita za ujazo 20. Kama yote 15,000 yangejengwa hivyo, ingekuwa mita za ujazo 300,000 katika muda wa miezi mitatu. Mkoa wa Kagera ulipata madarasa yake kama mikoa mingine. Na miezi hiyo mitatu, Oktoba hadi Desemba, ndiyo ya mvua za vuli upande huu wa ziwa. Kingo zinapokuwa zimelowa na maji yana nguvu, hapo ndipo kuchimba mtoni kunapoleta hasara kubwa kuliko wakati wowote wa mwaka. Hakuna aliyekusudia ubaya. Tarehe ya mwisho ilipangwa kwa kalenda ya shule, na kalenda ya mto haikuwa mezani.

Inafaa kueleza kwa karibu kinachotokea, maana wengi huamini kwamba mvua ikinyesha shimo hujaa na mambo huisha. Shimo la mchanga katikati ya kijito lina ukingo wa upande wa juu, upande maji yanakotokea. Maji yakifika kwenye ukingo huo hudondoka, hukata chini, na ukingo unarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea chanzo. Baada ya misimu michache sakafu ya kijito imeshuka hata mahali ambapo beleshi halijafika. Upande wa chini nako maji yaliyotua mchanga wake shimoni hutoka yakiwa mepesi, na maji yasiyobeba kitu hukwangua kingo ili yapate cha kubeba. Sakafu ikishuka, ukingo unabaki mrefu na wima. Mizizi ya miti ya kandoni inaning'inia, ukingo unamomonyoka, na safu ya kwanza ya migomba inaondoka nao. Kisima kifupi kilichokuwa kikijazwa na unyevu wa mchanga ule kinakauka Julai badala ya kufika Septemba, kwa sababu mchanga ndio tangi la kijito: hunywa wakati wa mvua, hutoa polepole wakati wa jua. Ukiuondoa, mvua yote hupita siku ileile. Mashimo yaliyoachwa pembeni hujaa maji yaliyosimama, mbu huzaliana, na mtoto anayeteleza humo akiwa peke yake hatoki.

Kalavati ndilo huonyesha madhara mapema. Nguzo na mbawa zake zilijengwa kwa kina kilichopimwa wakati sakafu ya kijito ilikuwa juu. Sakafu ikishuka mita moja, msingi unabaki hewani. Ureno iliyajua haya kwa uchungu usiku wa tarehe 4 Machi 2001, daraja la Hintze Ribeiro juu ya mto Douro lilipoanguka na basi pamoja na magari vikatumbukia, watu 59 wakafa. Uchimbaji wa mchanga wa miaka mingi ulikuwa umeichimbua nguzo. Daraja lile lilikuwa na zaidi ya miaka mia moja na lilikuwa katika nchi ya Ulaya yenye wahandisi wengi. Huku kwetu kalavati likianguka, watu hukatiwa njia ya kwenda zahanati, halmashauri au TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hutengewa fedha upya, na mchanga wa kulijenga tena huchotwa kwenye kijito kilekile.

Sheria ipo, tena si ya jana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya eneo hilo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inakiunga mkono kifungu hicho na kuzipa bodi za maji za mabonde, kwetu Bodi ya Bonde la Ziwa Victoria, mamlaka ya kulinda vyanzo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inauhesabu mchanga kuwa miongoni mwa madini ya ujenzi, unaopaswa kuchimbwa kwa leseni na kulipiwa mrabaha. Juu ya hizo kuna ushuru na sheria ndogo za halmashauri.

Ukizisoma pamoja unaona tatizo. Kwa Madini mchanga ni mali ya kulipiwa, kwa Maji ni sehemu ya chanzo, kwa Mazingira ni eneo la kukaa mbali nalo, kwa halmashauri ni mapato, na kwa kamati ya ujenzi ya shule ni mchango wa wananchi. Kijana aliyesimama mtoni na maji magotini, anayelipwa kwa tripu ya Fuso anayoijaza na wenzake kwa mikono, kisheria ni mchimbaji madini asiye na leseni ndani ya mita 60. Akikamatwa yeye, gari limeshaondoka, na mchanga umeshafika kwenye jengo la umma ambalo kiongozi atakuja kulizindua. Amri ya kupiga marufuku bila kusema mchanga wa ujenzi utoke wapi huhamishia kazi usiku tu, na usiku hakuna anayepima kina.

Makueni, Kenya, walijaribu njia nyingine. Kaunti ile kavu ilikuwa imeumizwa na malori yaliyobeba mchanga kwenda Nairobi, na ugomvi wa mitoni ulikuwa umemwaga damu. Mwaka 2015 bunge la kaunti likapitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikaundwa mamlaka yake, mito ikapangwa ile ya kuchotwa na ile ya kuachwa ipumzike, na mchanga wa kujengea nyumbani ukatenganishwa na ule wa biashara ya nje ya kaunti. Pia Wakamba wa Makueni, Machakos na Kitui wana mabwawa ya mchanga: ukuta mfupi wa zege unaokatiza mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake mvua kwa mvua, na maji yanahifadhiwa ndani ya mchanga mbali na jua. Watu wanaoishi hivyo hawahitaji kuelezwa thamani ya mchanga ulioachwa mahali pake. Ngara ina mvua nyingi kuliko Makueni, na labda ndiyo sababu somo limechelewa kufika.

Kinachoweza kufanyika huku hakihitaji mamlaka mpya. Kila jengo la umma linalojengwa kwa mafundi wa mtaani lina kamati ya mapokezi. Kazi yake ni kuhesabu vifaa vinavyoshushwa na kuviandika kwenye leja kabla havijaingia stoo. Kamati hiyo iandike mchanga kama inavyoandika saruji: tripu ngapi, kutoka wapi, kwa kibali cha nani. Isipokee tripu isiyo na jibu. Serikali ya kijiji, ambayo inavijua vijito vyake kuliko mtu yeyote wa mkoani, ipange pa kuchota na pa kuacha. Mchanga uchotwe kutoka kwenye malundo ya ndani ya kona, ambako mto wenyewe unatupa mchanga, wakati wa kiangazi, kwa kina kifupi, mbali na kalavati na mbali na mahali pa kutekea maji, na kijito kimoja kipumzike mwaka mzima. Fedha za kufukia shimo na kupanda matete na mianzi ukingoni ziwemo kwenye makadirio tangu mwanzo. Zitaongeza gharama ya darasa. Gharama hiyo tayari inalipwa, ila anayeilipa ni mama anayetembea mbali zaidi kutafuta maji.

Kamati hiyohiyo inaweza pia kupima ubora, maana mchanga ulioharibika hupoteza na saruji. Chukua chupa tupu ya maji, jaza mchanga hadi chini kidogo ya nusu, ongeza maji karibu yajae, tia chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu kisha iache itulie saa kadhaa. Mchanga unakaa chini, udongo laini unalala juu yake kama mkanda wa rangi nyingine. Mkanda ukizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, tripu hiyo ioshwe au irudishwe. Fundi mzoefu husugua mchanga kiganjani na kuangalia uchafu unaobaki, na mara nyingi hakosei, lakini chupa huonwa na kamati nzima. Kijito kilichochimbwa kupita kiasi hutoa mchanga wenye udongo mwingi, kwa kuwa kinachochotwa tena ni ukingo uliobomoka. Lipu yake hupasuka mapema, kisha ukuta unahitaji lipu mpya na mto unachotwa mara ya pili kwa jengo moja.

Zipo pia njia za kupunguza kiasi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha tofali za kufungamana, zinazotengenezwa kwa udongo wa kiwanjani na saruji kidogo, zikashindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa. Hazili kuni kama tofali za kuchoma, na hazihitaji mchanga mwingi wa mto kama tofali za saruji, wala lipu nene. Kwa Ngara iliyokwisha kupoteza msitu mara moja, kuokoa kuni na mchanga kwa pamoja ni jambo la kushikilia. Mawe ya vilima vyake yanaweza kusagwa yakatoa chenga za kuchanganyia zege. Kazi ya kuponda kokoto tayari ina watu wake, wengi wao wanawake, na mashine ndogo ingewaongezea bidhaa ya kuuza. Zege la nguzo na linta litaendelea kutaka mchanga safi wa mto, kwa hiyo huo utunzwe kwa kazi hiyo badala ya kumwagwa kusawazishia uwanja.

Vijana wa mabeleshi wasisahauliwe katika haya. Wanaujua mto, wanajua mchanga mzuri ulipo na ulipokwisha. Kikundi kilichosajiliwa kijijini, chenye leseni ndogo na eneo lililopimwa, kinaweza kulinda eneo lake dhidi ya Fuso la usiku kuliko mgambo yeyote, kwa sababu kinalinda riziki ya mwakani. Vikundi vya vijana vinapata mikopo ya halmashauri ya bodaboda na ya kuku. Hakuna sababu ya kuwanyima wa mchanga.

Mahitaji hayatapungua. Daraja jipya la njia mbili limekwisha kuwekwa Rusumo, na Aprili 2016 Marais Magufuli na Kagame walizindua kituo cha pamoja cha mpakani. Mradi wa umeme wa maporomoko hayo, megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ulianza kujengwa mwaka 2017 na sasa unazalisha, na waya wake wa upande wetu unafika Nyakanazi, Biharamulo. Mitambo ile inatumia maji yanayopita bila bwawa kubwa, na mchanga pamoja na matope yanayobomoka kwenye vijito vya nchi tatu hukwaruza mabapa yake. Nikeli ya Kabanga, iliyochunguzwa tangu miaka ya 1970, ilipata mkataba wake Januari 2021, na mgodi ukifunguliwa utajenga mji. Shirika la bonde la mwaka 1977 halipo, ila Mpango wa Bonde la Nile, uliozaliwa mwaka 1999, ndio uliousimamia mradi wa Rusumo, na meza yake ina viti vya nchi zote tatu.

Halmashauri za Ngara na Biharamulo huandaa bajeti zao miezi ya mwanzo ya mwaka, madiwani wakazijadili, na mwaka wa fedha ukaanza tarehe 1 Julai, kiangazi kikiwa kimeshika na vijito vikiwa chini. Ndio wakati wa kuchota kwa kipimo na kurundika mchanga wa majengo yatakayokuja, ili agizo la Oktoba likifika lisiwapeleke watu mtoni mvua ikinyesha. Kwa hilo panahitajika mstari mmoja kwenye makadirio ya kila darasa, zahanati na kalavati: mchanga, mita za ujazo, jina la kijito, bei.